Kizingiti cha Bafuni

Fundi wetu ana neno moja, na neno lenyewe ni "usijali." Ukimwambia ukuta umepinda, usijali. Ukimwambia simenti imeganda kwenye ndoo yako mpya ya kufulia, usijali. Mtaa mzima unamwita Usijali mbele ya uso wake, naye anaitika kwa furaha, maana anadhani wanamsifu. Mimi siku hizi nikilisikia neno hilo natamani kurusha kitu.

Na si fundi wa kuokota barabarani. Alikua pamoja na mume wangu, wakapanga chumba kimoja walipokuwa wanatafuta maisha, na baba mkwe alipofariki yeye ndiye aliyejenga kaburi mpaka vidole vikachubuka, akakataa kupokea chochote. Kwa hiyo ndani ya nyumba hii Usijali si fundi, ni ndugu, na mimi ni shemeji yake. Kama hujui ugumu wa kumwambia mtu kazi yake ni mbovu, anza na mtu aliyejenga kaburi la mkweo.

Kazi tuliyompa ilikuwa moja tu: bafu lenye choo ambalo mama yangu angeweza kuingia mwenyewe.

Mama alipooza upande wa kulia. Alikuwa akiishi kwa kaka yangu, kwenye nyumba ya kampuni ambayo sakafu yake ni tambarare kuanzia sebuleni mpaka chooni. Pale mama alijifunza upya kila kitu. Kiti chake cha magurudumu anakisukuma kwa mkono wa kushoto na mguu wa kushoto, kinakwenda upandeupande lakini kinafika. Akishafika anashika chuma kilichofungwa ukutani, anasimama, anageuka, anakaa. Kabla ya yote hayo anafunga mlango. Wifi yangu alikuwa akisikia kitasa kikilia, anajua mama yuko salama na hataki mtu.

Halafu kaka akahamishwa kazi, na nyumba ya kampuni ikatakiwa irudishwe. Hapakuwa na pengine pa kwenda ila kwangu. Mimi nafanya kazi kwenye dobi la hospitali, natoka asubuhi, narudi jioni nikinuka sabuni na mvuke. Mume wangu anatengeneza feni na pasi hapa hapa barazani, kwa hiyo mchana kutwa mtu wa nyumbani ni yeye. Mama aliliona hilo kabla yangu. Alinipigia simu.

"Nitakuja, mwanangu. Lakini mkwe wangu asinibebe kunipeleka chooni."

"Hatakubeba, mama. Tunajenga bafu."

"Siku nitakayobebwa na mume wako nimevaa nusu, siku hiyo mnizike tu." Akacheka. Mimi kicheko hicho nakijua tangu utotoni, na hakina furaha ndani yake.

Kwa hiyo nilikaa na Usijali kikao rasmi. Mume wangu alikuwepo, anakuna kichwa. Nikasema, tena taratibu, "Shemeji, nina mambo mawili tu. Mlango uwe mpana, kiti kipite. Na chini kuwe sawasawa, kusiwe na kizingiti. Hata kidogo. Mama hawezi kupandisha kiti."

"Shemeji, usijali."

"Nimejali tayari. Nirudishie nilichosema."

Akacheka, akamtazama mume wangu. "Mke wako huyu! Mlango mpana, chini sawasawa. Si ndiyo?"

Ndiyo. Alikisema vizuri kabisa.

Jambo la kwanza lilinitoa jasho. Nilirudi siku moja nikakuta ameshasimamisha fremu ya mlango, ile nyembamba ya zamani, aliyoing'oa yeye mwenyewe. Alidai ni mbao nzuri, hazipatikani tena. Nilikuwa nimekata uzi sawa na upana wa kiti na kumkabidhi mkononi. Nikaukuta amefungia mfuko wa simenti. Nikachukua kiti cha kulia chakula, nikakiweka katikati ya ile fremu, nikakaa. Nikamwambia sinyanyuki mpaka ing'oke. Mume wangu akaja na sura ya kuomba radhi, akaniita pembeni, nikamwambia pembeni ni hapa hapa. Usijali alihangaika, akapima, akapima tena, mwisho akang'oa. Siku hiyo nililala nimejaa kiburi. Kumbe inawezekana, nilijiambia. Unasema tu, unakaza uso, unakaa kwenye kiti.

Hilo lilikuwa kosa langu, kudhani kwamba tumeelewana.

Ukweli ni kwamba Usijali hajawahi kumaliza bafu bila kizingiti, wala yule aliyemfundisha hakuwahi. Kwao bafu lisilo na kizingiti ni bafu la mtu aliyekimbiwa na fundi. Maji yatatoka, yataingia chumbani, yataozesha miguu ya kitanda, na watu watauliza ni nani aliyejenga. Nilimweleza kwamba dawa yake ni mteremko, sakafu ilale kidogo kuelekea kwenye tundu la maji. Kule kwenye dobi sakafu nzima iko hivyo, tunamwaga maji ya bahari nzima na hakuna anayelowa viatu. Akanisikiliza kwa adabu. Akasema sawa. Nikaona kwa macho yangu sakafu ikimwagwa, ilipokauka nikapita juu yake na soksi, ikawa sawasawa kutoka ukumbini mpaka ndani.

Siku ya kubandika vigae nilikuwa zamu. Niliomba ruhusa, msimamizi akanionyesha mlima wa mashuka ya wodi ya wazazi, sikuuliza tena. Nikampigia simu mume wangu.

"Usijali yupo?"

"Yupo, anabandika. Kazi safi, utaipenda."

"Mwambie kusiwe na kizingiti."

"Anajua, mke wangu. Umemwambia mara ngapi?"

"Mwambie tena. Nataka nisikie ukimwambia."

Nikasikia sauti yake kwa mbali, laini, ya mtu anayebisha hodi. "Ndugu yangu, shemeji yako anauliza kuhusu ile habari ya mlangoni." Na jibu, mnalijua.

Jioni nilikuta kizingiti. Na si kizingiti cha kawaida. Kilikuwa kimepanda mpaka juu ya kifundo cha mguu wangu, kimevishwa vigae vya maua pande zote, kona zimesuguliwa mpaka unaweza kuzilazia shavu. Usijali alikuwa amesimama kando yake, mikono mgongoni, anangoja nifurahi.

"Shemeji, hiki nimekifanya kirefu kuliko vyote nilivyowahi kujenga," akasema. "Nimefikiria sana. Mgonjwa, maji yakimfuata chumbani, atapata baridi, atazidi kuumwa. Nikasema hapana, mama yetu huyu. Tena bomba la maji nimelipitisha humo humo ndani, lisionekane ovyo ukutani. Limetulia."

Nilikuwa na matusi yote ya dobi mdomoni, na pale dobini matusi yapo ya kutosha, lakini utamtukana vipi mtu aliyekosea kwa mapenzi? Nikavuta pumzi, nikasema, "Shemeji, kiti kitapitaje?"

Akakitazama kizingiti, akanitazama mimi. Nikaona kabisa kwamba ndiyo kwanza swali linafika.

"Si mtamnyanyua kidogo tu?" akasema. "Ndugu yangu si yupo hapa mchana?"

Nikamwambia avunje. Nilisema waziwazi, bila kupayuka: hiki sicho nilichoagiza, nataka kivunjwe, bomba lipite kwingine. Akasema sawa shemeji, kesho asubuhi. Kesho yake akaleta ubao mnene kama njia ya kupandia. Ukiuweka kwa nje unapanda mlima, na ukifika juu unaporomoka upande wa pili mpaka kwenye ukuta wa choo, pua mbele. Nikamwambia akae kwenye kiti ajaribu mwenyewe kwa mkono mmoja. Akaona natania. Baada ya hapo akapata kazi upande wa pili wa mji, na kila nikipiga simu yuko njiani.

Nikasema basi, naleta fundi mwingine. Mume wangu, mpole ambaye hata nzi humfungulia dirisha, alinigeukia nisivyomjua.

"Umlete mtu avunje kazi ya ndugu yangu? Nitapita wapi mtaani? Nitamtazama vipi?"

"Na mama yangu atapita wapi?"

"Mimi nitambeba. Nitafumba macho."

Nusura nicheke. Alikuwa amesema kwa moyo mweupe kabisa. Nikamwona amesimama bafuni na mama yangu mikononi, macho kayafumba, anapapasa ukuta. Nikaingia chumbani nikalia, kwa hasira zaidi kuliko huzuni.

Siku iliyotangulia kuja kwa mama, nilichukua nyundo ya kazi ya mume wangu. Sikumwambia mtu. Nilipiga kona ile iliyosuguliwa, kigae kikaruka, nikapiga tena, simenti ikamomonyoka, na kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi nikajisikia vizuri. Pigo lililofuata likapata bomba. Maji yalinipiga usoni, yakapiga dari, yakaanza kutiririka ukumbini. Mume wangu alikuja mbio akafunga koki kuu, mabomba ya nyumba nzima yakakauka. Tukasimama tunatazamana, tumelowa chapachapa.

Yule mtu aliyekuwa njiani wiki nzima alifika kabla sijabadilisha nguo. Hakunikasirikia hata kidogo. Alicheka, akasema shemeji una nguvu, ungekuwa fundi. Nikamwambia hapo hapo, maji yananichuruzika kidevuni, "Kwa kuwa kimeshavunjika, kimalizie. Toa bomba, sawazisha chini. Ndicho ninachotaka."

Alimshika mume wangu bega, wakatoka barazani. Niliwafuata. Niliwakuta wananong'ona, na mume wangu akanieleza kwa niaba yake, kama mkalimani: kuhamisha bomba ni kung'oa sakafu yote, na kung'oa sakafu yote ni siku nyingi bila maji, bila choo, na mama anaingia kesho.

"Arudishe tu kwanza," mume wangu akasema. "Mama akishafika, akishapumzika, tutaona."

"Nani ataona?"

"Tutaona, mke wangu."

Nilikataa. Nawaambia nilikataa kwa maneno ya kueleweka, nikayarudia. Wakanisikiliza wote wawili mpaka mwisho, halafu Usijali akaenda kukoroga simenti. Aliichanganya nzito kuliko ya mwanzo. Alipomaliza akakigonga kizingiti kwa mpini wa mwiko na kuniambia sasa hata tingatinga haliwezi.

Mama alikuja na kaka yangu. Alikuwa amesukwa nywele vizuri, amevaa gauni lake la kijani, ananitazama kama mtu aliyefika ugenini na amepania asimsumbue mtu. Aliomba aoneshwe bafu kabla hata ya chumba. Alijisukuma mwenyewe, upandeupande, mpaka mlangoni. Kiti kikagonga kizingiti. Akarudi nyuma kidogo, akajaribu tena, labda akidhani ni yeye aliyekosea. Kikagonga. Akabaki anatazama kile chuma kipya cha kushikia kinachong'aa ukutani kwa ndani, mkono wake ukiwa pajani.

"Vigae vizuri," akasema.

Niliwaza njia zote. Ndoo yenye kiti, ya kuweka chumbani: akauliza ataimwaga nani mchana, na jibu tulilijua wote. Nikaleta msichana wa kumsaidia. Alikuwa na mwili wa kuku, akamnyanyua mama wakaanguka wote kizingitini, mama akaumia kiwiko, msichana akaaga. Nikabaki mimi. Asubuhi kabla ya kazi namvusha, jioni nikirudi namvusha. Katikati ya hapo kuna mchana mzima.

Siku chache baadaye Usijali alikuja kumjulia hali mama. Alivaa shati la kutokea, akavua viatu mlangoni, akapiga goti moja kumsalimia kwa heshima zote. Tukakaa sebuleni wote wanne. Nilikuwa nimejiandaa. Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu dobini, mbele ya mashine, nikayasema kwa sauti mpaka wenzangu wakadhani nasali. Sikutaka kugomba. Nilitaka tu yasemwe mbele ya wote, yasiwe na pa kukimbilia.

"Shemeji," nikasema, "nakuheshimu, na ulichowafanyia watu wa nyumba hii sitakisahau. Lakini kile kizingiti kimemfungia mama nje. Kwa kaka yangu alikuwa anakwenda chooni mwenyewe. Hapa hawezi. Nilikwambia kabla, nikakwambia katikati, nikakwambia mwisho. Sikulaumu kwa nia, nia yako ilikuwa njema. Nataka uniambie mbele ya mama siku gani unakuja kukitoa."

Mume wangu alikuwa anatazama kidole chake cha mguu. Usijali akafungua mdomo, na nawaapia, lile neno halikutoka. Akamtazama mama, akatazama kiti, magurudumu, mguu ule wa kulia uliolala. Uso wake ukabadilika taratibu. Nikajua sasa ameona.

"Mama," akaanza, sauti ndogo, "basi nikuombe radhi. Mimi nadhani..."

"Aa, mwanangu," mama akamkatiza. "Usimsikilize huyu. Huyu tangu mdogo ana maneno."

"Mama!" nikasema.

"Bafu ni zuri mno. Sijawahi kuwa na bafu zuri namna hii maisha yangu yote. Nilimwambia hata kijana wangu, fundi huyu ana mkono. Mungu akubariki, mwanangu, akuongezee kazi."

Nilimwona Usijali akirudi kuwa yule yule. Mabega yalipanda, meno yakatoka, uso ukajaa. Akasema asante mama, asante sana, unajua mimi nilikuwa nawaza maji yasikufuate. Mama akasema ndiyo, hayanifuati. Mume wangu akashusha pumzi ndefu mpaka nikaisikia. Wakaanza kuongea habari za mvua.

Nilingoja mpaka mume wangu ametoka kumsindikiza. Nikapiga magoti mbele ya kiti.

"Mama, kwa nini? Alikuwa anakubali. Alikuwa keshakubali!"

Aliniwekea mkono wa kushoto kichwani, ule wenye nguvu.

"Umempa aibu mtu wa watu, mbele ya mumeo," akasema. "Mimi nimekuja juzi kwenye nyumba ya mume wa mtu, leo nianze kuivunjisha? Wakikuchoka wewe kwa ajili yangu, nitakwenda wapi tena?"

"Na choo, mama?"

"Nitajipanga."

Sikuelewa maana ya kujipanga mpaka kesho yake asubuhi. Nilimletea chai, akaisogeza. Nikamletea maji, akasema nimwekee tu mezani atakunywa baadaye. Jioni niliyakuta pale pale, yamefunikwa vizuri na sahani. Akayanywa nilipofika, yote, bila kupumua, halafu akaniomba nimvushe. Kesho yake vivyo hivyo. Nikamgombeza, nikambembeleza, nikamwambia kazini naona wagonjwa wanaletwa kwa sababu ya figo kukauka. Akasema amezoea, hasikii kiu, mchana kuna upepo mzuri pale dirishani. Mume wangu naye humpelekea matunda, maskini, ananiambia mama yako anakula kama ndege. Nilimweleza sababu. Kisha akasema atazungumza na Usijali, amvizie siku ana nafasi, siku ambayo haitaonekana vibaya. Nikamwambia azungumze leo. Akasema sawa. Nilipokwenda kwa fundi mwingine, peke yangu, akauliza nyumba ni ya nani, nilipomtajia akasema hapo tayari kuna fundi wake, na mama mgonjwa mwenyewe anaisifu kazi.

Majirani wawili wameshakuja kulitazama bafu. Mama aliwapokea, akawaonyesha kutokea kwenye kiti chake, kwa nje. Mmoja amemwita Usijali akamjengee kama lile.

Sijanyamaza. Nasema kila siku, asubuhi na jioni, kwa kila mwenye masikio, na wote wananikubalia. Jana nilifika nikamkuta mama midomo imempasuka na ulimi mzito, akanipokea kwa tabasamu, akauliza habari za kazi. Nikamnyanyua nikavuka naye. Mwanzoni nilikuwa nafika ndani nikihema, mgongo unauma. Sasa amekuwa mwepesi, nambeba kwa mkono mmoja, na kwa wa pili nafunga mlango.